Kisiwa Kisicho na Pwani

Asubuhi ya kwanza kisiwani, kule Ugiriki, mama aliamka kabla yangu, akaswali, akajitanda kanga yake, akateremka ufukweni kusubiri maji yakupwe. Nilipomfuata saa mbili unusu nilimkuta amekaa juu ya jiwe, ndara mkononi, macho mbele.

"Mwanangu, maji ya huku yanakupwa saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Mimi mtoto wa Kigombe, Tanga, niliyejua bamvua na maji mafu kabla sijajua siku za wiki, nilikuwa nimesahau hata kujiuliza. Miaka tisa ya Ujerumani imenizoeza kuitazama bahari kama picha ya ukutani. Nikatoa simu, nikasoma, nikamweleza: Mediterania imezungukwa na nchi kavu, na mlango wake wa kutokea bahari kuu ni ule mwembamba wa Gibraltar, kwa hiyo maji hayapati nafasi ya kuingia na kutoka kama kwetu. Tanga, siku za bamvua, bahari hushuka mita tatu na zaidi, miamba ikabaki wazi mpaka mbali. Hapa tofauti ni sentimita chache tu.

Mama alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi wanawake wa huku hawana pwani."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi tangu siku ile. Pwani ni pale maji yanapopwa. Ni mahali panapofunguka na kufungwa, pa kutoka na ndoo na kijiti cha pweza, pa kuzungumza na majirani huku migongo imeinama. Kisiwa kile kilikuwa na bahari pande zote, lakini kwa macho ya mama hakikuwa na pwani.

Kinaitwa Agistri. Kiko katika Ghuba ya Saroniko, karibu na Athens, ubavuni mwa kisiwa kikubwa zaidi cha Aegina. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 13 hivi na wakazi wake ni kama 1,100. Vijiji vyake vikubwa ni vitatu: Skala, Megalochori ambako wenyewe hukuita pia Milos, na Limenaria kule kusini kwenye mashamba ya mizeituni. Kwingine ni misonobari tu, inayoteremka mlimani mpaka karibu kugusa maji.

Sikukichagua kwa ujuzi. Mimi ni muuguzi katika wodi ya wazee, Köln. Tangu nianze kazi, kila likizo yangu imekuwa safari ya nyumbani, na wenzangu mnaoishi nje mnaijua safari hiyo: masanduku mawili ya kilo ishirini na tatu, viatu vya huyu, simu ya yule, dawa za mjomba, na bahasha ndogondogo za kuwapa wanaokuja kukusalimu. Naipenda safari hiyo na nitaendelea kuifanya maadamu nina nguvu. Lakini nimekuwa nikirudi kazini nimechoka kuliko nilivyoondoka, na kwa miaka tisa sijawahi kusema neno hilo kwa sauti, kwa kuwa linasikika kama utovu wa shukrani.

Mwaka 2025 mambo yaligeuka: mama ndiye aliyekuja. Tulimwombea viza ya Schengen ubalozini, tukalipa euro 90 za ada, tukakata bima ya safari inayofidia mpaka euro 30,000 kama wanavyodai, akapata siku tisini. Wiki mbili za kwanza zilikuwa furaha tupu. Ya tatu nikaanza kumwona akikaa dirishani, ghorofa ya nne, mikono mapajani. Mimi natoka zamu ya asubuhi, namkuta palepale.

"Nyumba yako nzuri, mwanangu," aliniambia siku moja. "Lakini ina masikio. Hata kikohozi nakibana."

Nilikuwa na siku kumi za likizo zilizobaki. Nikaanza kutafuta mahali penye bahari na jua, na kama watu wengi nikaanzia Santorini, ile ya kuta nyeupe na mapaa ya buluu. Nilipoona bei ya chumba cha usiku mmoja niliifunga kompyuta. Aliyeniokoa ni mwenzangu wa wodini, mama wa Kigiriki aliyezaliwa hukohuko Ujerumani. Aliniambia nisitafute kisiwa wanachokwenda watalii wa dunia nzima, nitafute wanachokwenda watu wa Athens wenyewe wakiwa na siku mbili za mapumziko na pesa kidogo. Akanitajia Agistri. Akasema pia niepuke Agosti, hasa tarehe 15, sikukuu ya Bikira Maria, Ugiriki nzima inapokuwa barabarani. Nenda mwisho wa Septemba, alisema, bahari bado ina joto na wenye vyumba wamechoka kupandisha bei.

Jambo moja sikulijua na huenda na wewe hulijui: viza ile ya mama, ingawa ilitolewa na Wajerumani, ilimruhusu kuingia Ugiriki bila ombi jingine wala ada nyingine, kwa kuwa nchi zote mbili zimo katika Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, mradi siku tisini zisizidi. Mimi nilibeba pasipoti na kibali changu cha ukaazi, yeye pasipoti yake, tukaviweka mfuko wa juu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la saa. Niliona tiketi ya ndege ya bei nafuu, euro 128 kwenda na kurudi kwa kila mmoja, nikainunua bila kuuliza meli ya mwisho ya Agistri inaondoka lini. Tulitua Athens saa kumi jioni. Treni ya chini ya ardhi inatoka uwanja wa ndege mpaka bandari ya Piraeus moja kwa moja bila kubadilisha, euro 9 kwa mtu, safari ya saa moja hivi. Mpaka tumepata mizigo, tumefika, tumetembea dakika kumi na masanduku hadi lango E8 ambako meli za Saroniko hutia nanga, ya Agistri ilikuwa imeshaondoka. Mama alisimama kwenye sakafu ya saruji, upepo unampeperusha mtandio, magari yanapita mbio kwenda kwenye meli nyingine kubwa kama majumba. Nilijilaumu sana. Baadaye niliambiwa tungeweza kupanda meli ya jioni ya Aegina, tukalala huko, na asubuhi tukavuka kwa boti ndogo ya robo saa. Mimi nililipa euro 85 kwa chumba cha Piraeus kilichotazama ukuta.

Usiku huohuo ndipo tulipopatikana kwenye samaki. Katika migahawa mingi ya Ugiriki samaki mbichi huuzwa kwa kilo, na bei inayoandikwa kwenye orodha ni ya kilo, si ya sahani. Sikuiona alama hiyo. Nikaelekeza kidole kwa samaki mmoja mzuri aliyelazwa kwenye barafu, tukala kwa raha, ikaja hesabu ya euro 48. Mama hakujua ni kiasi gani mpaka nilipomgeuzia kwa shilingi, na nilikosea kumgeuzia, maana alikaa kimya mpaka tukalala. Tangu siku ile kila mgahawa nilioingia niliomba samaki apimwe kwanza mbele yangu na bei itajwe, na hakuna aliyekasirika. Ni haki ya mteja na wao wanaijua. Na mara nyingi hatukuhitaji samaki mkubwa kabisa. Kuna wadogo wanaowaita gavros, jamaa ya dagaa wetu, wanakaangwa wakavu na kuliwa na vichwa vyao kwa ndimu. Kuna maharage makubwa meupe yaliyookwa kwa nyanya, bamia za mafuta ya zeituni, biringanya. Mama hali nguruwe, nami nilijifunza kuuliza "horis hirino?", yaani bila nguruwe. Lakini ukweli ni kwamba kwa samaki, kunde na mboga zao, Mwislamu anakaa siku sita pale bila shida ya chakula.

Asubuhi tulipanda meli ya taratibu, ile inayobeba magari, chini ya euro 15 kwa mtu. Boti ya kasi inafika kwa saa moja hivi na kushusha watu Megalochori. Meli yetu ilichukua karibu saa mbili, ikapitia Aegina, ikatushusha Skala. Nafurahi hatukupanda ya kasi. Mama alikaa sitaha ya juu akila mkate wa ufuta niliomnunulia bandarini, na kwa mara ya kwanza tangu afike Ulaya nilimsikia akiimba chini kwa chini.

Chumba tulikipata kwa euro 40 kwa usiku, na kodi ya serikali ya euro 2 juu yake. Kitanda cha mama, kitanda changu, jiko dogo la kuchemshia, baraza yenye mzabibu juu. Katika kisiwa kama kile, jiko lile ndilo lililotuokolea pesa. Asubuhi tulikunywa chai yetu, majani nimetoka nayo Köln na hiliki mama katoka nayo Tanga, kwa mkate wa duka la pembeni, jibini na nyanya. Mchana tini na zabibu, au wali wa mama. Jioni tu ndiyo tulikwenda kula nje. Chakula cha siku sita kwa sisi wawili kilikuwa euro 210.

Mwenye nyumba alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, mjane, amevaa nguo nyeusi toka kichwani hadi miguuni. Mjukuu wake wa kike, aliyesoma Athens, alitueleza mambo mawili kwa Kiingereza: karatasi za chooni hazitupwi ndani ya choo bali katika ndoo, mabomba ni membamba, na kati ya saa tisa mchana na saa kumi na moja na nusu watu hawapigi kelele. Nilidhani la pili ni desturi ya nyumba ile. Kumbe ni sheria: majira ya joto saa hizo za mchana ni za utulivu nchi nzima, kama zilivyo za usiku.

Na hapo ndipo penye kiini cha niliyotaka kuandika. Mama, baada ya adhuhuri na wali, alijilaza. Alilala kama alivyolala maisha yake yote, mkono chini ya shavu, bila kuomba radhi kwa mtu. Mimi sikuweza. Siku ya kwanza nilikaa barazani nikajibu ujumbe wa simu: ada ya mtoto wa dada, bati la shangazi, kikundi cha harusi ya binamu. Siku ya pili nilipanga mizigo iliyokuwa tayari imepangwa. Siku ya tatu mama alifumbua jicho moja akaniona nimesimama mlangoni.

"Unangoja nini?"

"Sina usingizi, mama."

"Sikukuuliza usingizi. Nimekuuliza unangoja nini."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Nikamwambia lile ambalo sijawahi kulisema: kwamba nikipumzika naona kama naiba. Kwamba kila euro ninayokula hapa nahisi ni ya mtu fulani kule. Mama hakunitolea methali, wala hakunipa pole. Alisogea ukutani, akanipa nafasi kwenye kitanda chake kidogo, kama nilivyokuwa na miaka sita. Nililala mpaka alasiri imeingia. Nilipoamka hakukuwa na ujumbe wowote kwenye simu uliokuwa umeharibika kwa kusubiri saa mbili.

Kama muuguzi nimewaambia mamia ya watu wapumzike. Nimewaandikia kwenye karatasi. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kukosa maarifa ya kupumzika jinsi anavyokosa ya kuogelea, na kwamba yanafundishwa na mtu aliye karibu, kwa mwili wake.

Baada ya hapo siku ziliingia katika mwendo wake. Asubuhi tulitembea njia ya kando ya bahari mpaka Megalochori, kilomita mbili hivi, mama akisimama kwenye kila mti wenye tunda. Siku moja tulichukua basi dogo mpaka Limenaria, na kutoka hapo tukashuka Aponisos, ambako maji ni ya kijani kibichi kama chupa na unaona kokoto chini kabisa. Mama aliingia na dera lake. Alikwenda mpaka maji yakamfika kifuani, akaonja, akatema. "Chumvi yake kali hii!" Ni kweli: Mediterania ina chumvi ya gramu 38 hivi kwa kila kilo ya maji, bahari yetu 35. Akajilaza chali, dera likavimba pembeni yake kama tanga, akaelea. Mama yangu ana miaka sitini na tatu, amezaa watoto watano, amezika mume, na sikuwahi kumwona akielea. Kwetu mwanamke wa umri wake huingia baharini kwa kazi. Mtu mmoja au wawili walimtazama, kisha wakaendelea na mambo yao.

Pweza nao tuliwakuta, wametundikwa kwenye kamba ya mgahawa juani kama nguo. Mama aliwakagua mmoja mmoja. Mwenye mgahawa alimwonyesha kwa mikono anavyowapiga kwenye mwamba ili walainike. Mama naye akamwonyesha kwa mikono anavyowaponda. Walielewana bila neno hata moja, wakabishana bila neno hata moja. Kilicholetwa mezani kilikuwa kimechomwa kwa makaa, siki na mafuta juu yake. Mama alitafuna kwa makini na kutoa hukumu: kizuri, lakini kinalilia tui.

Jioni bibi mwenye nyumba alikaa nasi barazani. Simu yangu ilitafsiri, mara nyingi vibaya. Siku moja jirani yake alipita, mzee kuliko yeye, wakaanza kuzungumza na sauti ikabadilika. Hata mama alitega sikio. "Hii si ile lugha ya asubuhi," akasema. Hakukosea. Mjukuu alitueleza kwamba wazee wa Agistri wana lugha yao, Kiarvanitika, yenye asili moja na Kialbania, waliyokuja nayo mababu zao karne nyingi zilizopita. Haifundishwi shuleni. Yeye mwenyewe anaielewa ikisemwa jikoni, lakini hawezi kuijibu.

Mama alizaliwa Muheza, Mbondei, akaolewa Kigombe. Kibondei anazungumza na dada zake tu, na wakiniona naingia hugeuka Kiswahili. Alimtazama yule binti, akanitazama mimi, akasema, "Mwambie kama wewe." Nilimwambia. Kisha nikamwomba mama anihesabie moja mpaka kumi kwa Kibondei, pale barazani, nikarudia nyuma yake. Bibi akahesabu kwa Kiarvanitika, mjukuu akarudia nyuma yake. Hatukucheka, tulikuwa tukijitahidi kweli.

Palepale Muheza ndiko mama alikosikia neno Mgiriki kwa mara ya kwanza. Babu yangu alikata mkonge kwenye shamba la Mgiriki. Wagiriki walifika Tanganyika tangu wakati wa Mjerumani, wengi wakiwa makandarasi wa reli, kisha wakaingia katika mkonge, kahawa na tumbaku. Watu wa Dar es Salaam wanaujua ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, uliopewa jina la tajiri mmoja wa mkonge mwenye asili hiyo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 na kuporomoka kwa bei ya mkonge wengi waliondoka. Mama alimkumbuka bwana shamba kwa kofia, gari, na king'ora cha alfajiri, na hakumkumbuka kwa mapenzi: babu alikufa na mikono iliyochanjwa na miiba na hakuwa na pensheni. Alinyamaza mbele ya bibi kwa jambo hilo. Lakini usiku aliniambia, "Yule wa shamba na huyu wa hapa, sikujua wanatoka nchi moja. Huyu nguo zake anafua kwa mkono." Nilimweleza kwamba waliokwenda Afrika wengi walitoka visiwa na vijiji vilivyokuwa vimeishiwa, kama sisi tunavyoondoka leo. Hakujibu, na sikumlazimisha ajibu. Mikono ya babu aliiosha yeye.

Siku ya nne tulivuka Aegina kwa boti ndogo. Nitasema machache: njugu za pistashio za kisiwa kile zina sifa yake na tulirudi na mfuko, na juu ya kilima, katikati ya misonobari, kuna hekalu la Aphaia, mungu wa kike wa Wagiriki wa kale, lililojengwa karibu miaka 500 kabla ya Kristo, nguzo zake nyingi bado zimesimama. Sanamu zilizokuwa kwenye paa lake hazipo. Zilichimbuliwa mwaka 1811, zikauzwa kwa mwana wa mfalme wa Bavaria, na leo ziko München, Ujerumani. Mama aliposikia aliuliza, "Kama yule mjusi wetu?" Alikuwa ameniomba nimpeleke Berlin kumwona mjusi mkubwa wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, na tulikuwa tumekwenda wiki mbili kabla. Ndiyo mama, nilimwambia. Kama yule.

Siku ya tano upepo uligeuka. Mama aliuhisi kabla ya kuuona, akauliza ni kusi au kaskazi, na nikamwambia huku pepo hazina adabu ya kukaa miezi kwa zamu. Ulivuma usiku kucha. Ukizidi kasi fulani, mamlaka ya bandari huzuia meli kuondoka, ndogo zikianza, na hapo hakuna pesa wala machozi yatakayokutoa kisiwani. Kwa bahati ulitulia alfajiri, lakini saa zile nililala kwa wasiwasi, kwa kuwa ndege yetu ilikuwa jioni ya siku ya kuondoka. Nikirudi tena nitaacha usiku mmoja wa nafasi bara. Nilikuwa pia nimehesabu vidonge vya mama vya shinikizo la damu kwa siku zilezile tu, kosa ambalo ningemkaripia ndugu wa mgonjwa yeyote. Kisiwa kina zahanati. Hospitali iko ng'ambo ya maji. Beba dawa za wiki ya ziada.

Usiku ule wa upepo ndipo mama alipomuuliza bibi habari ya nguo nyeusi. Mume wake alikufa miaka kumi na moja iliyopita. Mama akanitazama kama sijatafsiri sawa. Eda yake mwenyewe ilikuwa miezi minne na siku kumi, kisha shangazi zangu wakaja wakamwogesha, wakamvisha, wakamtoa. "Muulize nani anamtoa," alisema. Niliandika hivyo kwenye simu. Bibi akasoma, akasoma tena, akatikisa kichwa: hakuna.

Mama aliingia chumbani. Kanga zake za safari zilikuwa doti moja mpya, nyekundu na njano, hajaikata wala kuipinda. Akachukua mkasi wa jikoni, akaitenganisha, kipande kimoja akakikunja vizuri akampa bibi kwa mikono miwili. Maandishi yalisema *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Bibi aliuliza yanasemaje, nikajaribu, simu ikatoa sentensi iliyohusu hospitali, nikaifuta. Mama akasema acha, ataielewa. Bibi hakuivaa. Aliiweka mapajani na kuilaza kwa kiganja, tena na tena, mpaka tukaenda kulala.

Safari nzima, pamoja na chumba cha Piraeus na samaki yule, ilikuwa euro 943 kwa watu wawili. Tiketi yangu peke yangu ya kwenda Dar mwezi Desemba hugharimu karibu hivyo.

Mama alirudi Kigombe mwezi Novemba. Wiki iliyopita mjukuu wa bibi alinitumia picha ya jikoni kwao: bibi yuko kwenye kiti, gauni lilelile jeusi, na juu ya mabega ile kanga, imevaliwa ndani nje. Nilimpigia mama kumweleza. Nilisikia upepo kwenye simu na sauti za wanawake nyuma yake.

"Mwambie aigeuze, pindo la maandishi likae nje," alisema. "Nitakupigia baadaye, mwanangu. Maji yamekupwa."